Simba hatajwi usiku: niliyowaambia wasomaji wenzangu pale Lindi mjini

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za mchana. Wakubwa shikamooni. Nimepewa dakika ishirini niongelee riwaya, na aliyenialika kaniambia niseme ya moyoni nisipambe, basi ntasema, na kama kuna mwalimu wa fasihi humu ndani namuomba anisikilize mpaka mwisho alafu tubishane tukishatoka, nina muda, gari langu la kurudi Mtama ni saa kumi na moja.

Mi ni karani wa ghala la korosho. Sio mwandishi, sio mhakiki, nasoma tu, miaka ishirini na kitu sasa. Msimu ukifunguka mwezi wa kumi magari yanapanga foleni toka alfajiri, na kati ya gari moja kupimwa na lingine kuingia kuna nusu saa, kuna siku saa nzima mtu anatafutwa na karatasi zake hajulikani alipo, hapo ndo nasoma, nimekaa juu ya mzigo mgongo ukutani. Vitabu vyangu vyote vinanuka gunia. Nikifungua kitabu chochote nyumbani hata mwezi wa nne kama huu nikasikia ile harufu nakumbuka kabisa niliishia wapi siku gani na lori la nani lilikuwa mlangoni.

Sasa niseme kinachoniuma. Ukifungua vitabu vya uhakiki utakuta riwaya zetu zimegawanywa mafungu, kuna riwaya dhati na kuna riwaya pendwa. Dhati ni zile za mtihani. Pendwa ni upelelezi, ujasusi, mapenzi, majini na damu. Kupanga vitabu sina ugomvi nako, hata mi ghalani napanga korosho daraja la kwanza na la pili, ila korosho unaipasua unaangalia ndani ndo unaipa daraja. Vitabu vinapewa daraja kwa jalada. Na hilo neno dhati limekaa vibaya, maana ukiita hiki dhati ushasema kile kingine hakina udhati, na mtoto wa kidato cha pili analielewa hilo haraka sana, anaelewa kuwa anachokipenda ni cha kuficha chini ya godoro.

Mimi nilifichaga. Nikiwa kidato cha pili nilipata Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichotoka 1960, jalada halina, kimefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Mnakijua, mwili unakutwa kwenye mzimu, yani pale mahali pa matambiko, watu wa pale wameshaamua kuwa hiyo ni kazi ya mizimu na hakuna cha kuuliza, anakuja yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza mambo madogo madogo tu. Nilibakisha kama kurasa ishirini. Mwalimu akanikuta nasoma kipindi cha jiografia akakichukua, kukichukua ilikuwa haki yake kwa kweli maana ilikuwa kipindi chake, lakini alisema mbele ya darasa zima kuwa hivi ni vitabu vya wahuni, na hakukirudisha mpaka nimemaliza shule. Kitabu chenyewe sio changu, nilikiazima kwa dada mmoja jirani yetu, nililipa kwa kumtwangia mihogo mwezi mzima.

Nilikaa miaka tisa sijui nani aliua. Miaka tisa! Nilikuja kukipata Dar kwa wale wanaotandika vitabu chini barabarani, nikakisoma nimesimama hapo hapo, muuzaji akaniacha. Na nawaambia kitu kimoja, nilipomjua muuaji haikunishtua kihivyo, kwasababu kwenye hiyo miaka tisa nilishawashuku wote mmoja mmoja, nilishakaa na kila mtu wa kile kitabu kichwani mwangu nikampima, huyu anaweza, huyu hawezi, mbona alijibu vile. Kitabu kilichoitwa cha wahuni ndo kilinifundisha kumuangalia mtu mara mbili. Sasa niambieni udhati ni upi zaidi ya huo.

Kwenye za kusisimua nina mapenzi na nina malalamiko. Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango, Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya 1965, hawa watu walitufanya tusome kwa arosto, unapika ugali kitabu mkono wa kushoto. Kufa na Kupona ya Musiba ilipotoka 1974 makaburu hawakuwa kitu cha kubuni, na huku Kusini ndo kabisa, FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo pale Nachingwea, Samora Machel alikuwa pale, ng'ambo ya Ruvuma vita inapiganwa. Baba yangu mkubwa alikuwa anauza samaki wakavu Nachingwea miaka hiyo, alikuwa anasema ulikuwa hujui mgeni aliyekaa na wewe kwenye benchi la chai ni nani, na huulizi. Hilo benchi la chai ndo naitaka riwaya yake mimi! Jasusi anayekunywa chai ya rangi Nachingwea na mtu wa samaki anajua kabisa kuna kitu na ananyamaza. Kwanini kila siku jasusi wetu lazima apande ndege alale hotelini?

Malalamiko yangu ni wanawake. Kwenye hizo thrila mwanamke mzuri akitokea ukurasa wa thelathini ushajua, ama katumwa na adui ama atakufa ili shujaa apate hasira. Nilizisoma nyingi nikiwa binti na iliniuma bila kujua kwanini inaniuma, nilikuwa namuonea huruma yule dada kuliko shujaa. Ndo maana kwa Mtobwa nakipenda zaidi Dar es Salaam Usiku, kile ambacho hakimtegemei Joram Kiango, usiku wenyewe na watu wake ndo wamebeba kitabu, na wanawake mle wana njaa na hesabu zao kichwani.

Haya, za kutisha. Hapa ntakaa kidogo maana ndo nilikojia.

Mnazijua hizi simulizi tunazotumiana kwenye simu, sehemu ya kwanza bure, sehemu ya ishirini lipia buku. Nazisoma. Nimelipia nyingi sana na silii hela yangu, waandishi wale wanafanya kazi na wana bidii kutuzidi wote humu. Ila wengi wananiudhi kwa kitu hicho hicho kimoja, wanaonyesha kila kitu. Jini linaingia ukurasa wa kwanza, kucha ndefu, macho mekundu, damu imetapakaa ukuta mzima, kicheko cha kutisha, na mwandishi anakuandikia kabisa kwamba ilikuwa inatisha sana. Ukishaniambia inatisha umenimalizia. Mi nikishaliona jini lote toka juu mpaka chini nalizoea, baada ya sehemu ya tano lile jini ni kama jirani mkorofi tu.

Nani hapa kwao Newala? Upande wa mama yangu ni Newala. Nikiwa na miaka kama saba tulienda kule vijana wametoka jandoni, ikachezwa ngoma, akatoka lipiko. Kwa wasiojua, ni yule mchezaji anayevaa sura ya mti iliyochongwa, inafunika kichwa chote, imebandikwa nywele za mtu kweli, mwili wote umefungwa kwa nguo huoni hata ngozi. Wanawake na watoto hatutakiwi kujua ndani kuna nani. Watoto walikimbia na mimi nikakimbia, nikajificha nyuma ya kanga ya mama nikawa nachungulia. Alafu nikaona anavotembea. Alikuwa anaburuta kidogo mguu wa kushoto, na mjomba wangu alijikata na panga mguu huo huo msimu wa nyuma yake, nimemletea mwenyewe maji ya kuoshea kidonda. Nikajua ni mjomba.

Mngedhani hapo hofu ilikwisha. Ndo ilianza. Maana kama ni mjomba mbona hanijui? Ananiangalia kwa ile sura ya mti mdomo haufungi, anatembea kwa mguu wa mjomba, na sio mjomba. Nililia mpaka nikabebwa nyumbani, na jioni mjomba alipokuja kula nilikataa kukaa mkeka mmoja na yeye. Alicheka akanipa mua. Sikuula.

Toka hapo nina kipimo changu na sijawahi kukibadili. Jini la kwenye pango la mbali halinifanyi kitu. Kinachonitisha ni cha nyumbani, nakijua mpaka mwendo wake, siku hiyo kimekaa sivyo. Na mwandishi ameniachia sehemu imefunikwa.

Au chukua simba. Humu ndani kuna watu wamezika kwa ajili ya simba kwaiyo naongea kwa adabu. Watafiti walikusanya hesabu, kuanzia 1990 mpaka 2004 hivi simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na sehemu kubwa ni ukanda wetu huu, Lindi na Rufiji. Wengi walikamatwa msimu wa mavuno, miezi hii hii, watu wamelala kwenye dungu kulinda shamba na nguruwe pori, simba anamfuata nguruwe anamkuta mtu. Baadae watafiti hao wakaona kitu kingine, kwamba mashambulizi yanazidi siku zinazofuata baada ya mwezi mpevu. Kwanini? Kwasababu mwezi ukiwa mpevu unatoka jua likizama, usiku mzima ni mweupe, simba hapati kitu anashinda njaa. Siku zinazofuata mwezi unachelewa kutoka, jua limezama, giza limeingia, watu bado wako nje wanapika wanaoga wanaitana, na mwezi haujafika. Ni masaa hayo machache tu ya mwanzo wa usiku.

Bibi yangu hakusoma utafiti wowote. Lakini mwezi ukishapita upevu alikuwa anatuingiza ndani kabla ya magharibi, na jina la yule mnyama halikutajwa usiku, alikuwa anasema yule mkubwa. Na hatukuruhusiwa kuitana majina nje. Ukitaka kumuita mtu unagonga sufuria. Nakumbuka tumekaa ndani, ugali uko kwenye ungo, babu hajarudi, na nje kwenye giza tunasikia mtu anakohoa mara moja kama babu. Bibi hakujibu. Akagonga sufuria mara moja akasubiri. Kimya. Tukakaa hivo hivo mkono uko kwenye tonge hakuna anayekula, mpaka ikasikika kengele ya baiskeli. Alikuwa babu. Mpaka leo sijui kilichokohoa kabla yake ni nini na sitaki mtu anielezee.

Sasa mwandishi wa Lindi mwenye hiyo jikoni kwao anaenda kuniandikia jumba la kifahari lenye popo na mishumaa! Inaniuma kwa kweli. Wachongaji wa Kimakonde walishatupita zamani, wale mashetani wa mpingo, yani jicho moja liko tumboni, mkono unatokea shingoni, mdomo ukiutazama unamkumbuka mtu unayemjua. Mchongaji anaacha nusu ya gogo bila kuimalizia na wewe unamalizia usiku ukiwa umelala. Tunao watu wenye mikono hiyo. Kwenye karatasi bado wanasubiriwa.

Za wazungu nazisoma pia, kwa Kiingereza changu cha kuhangaika na kamusi. Dracula ya 1897, kile cha Bram Stoker, sehemu ya mwanzo mgeni yuko kwenye ngome anamuona mwenyeji wake anateremka ukutani nje kichwa chini kama mjusi, hapo niliweka kitabu chini nikaenda kuhakikisha mlango. Ni mwenyeji wake yule, kamkaribisha, kampa chakula. Lakini wakishafika London wakaanza kumuwinda kwa safari na ratiba za treni kikaniishia nguvu. Frankenstein hakinitishi hata kidogo na ndo nakipenda kuliko, kinanihuzunisha, lile zimwi linachotaka ni mtu wa kukaa nalo. Na mabinti mliopo hapa sikieni, Mary Shelley alianza kukiandika 1816 ana miaka 18, kikatoka 1818. Mwaka mmoja kabla ya kukianza mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia, majivu yakafunika anga, mwaka uliofuata Ulaya hawakupata kiangazi, mvua tu na baridi, yeye na wenzake wakawa wamefungiwa ndani Uswisi kando ya ziwa wanasimuliana hadithi za mizimu, mmoja wao akasema kila mtu aandike ya kwake. Masika yetu mvua inapiga bati siku nne umeme hakuna mnafanya nini? Mnasimuliana. Tofauti ni kwamba yeye baadae alichukua kalamu.

Nije kwenye hizo zinazoitwa dhati, msije mkasema nimezikimbia. Shaaban Robert namheshimu kwa Kiswahili chake, kuna aya zake nazisoma kwa sauti ghalani peke yangu. Lakini kama msomaji wa hadithi nabanwa. Kwenye Kusadikika mtu anaitwa Majivuno, sasa ukishaitwa Majivuno utafanya nini zaidi ya majivuno? Namjua kabla hajafungua mdomo. Karama, yule mshitakiwa, anajitetea vizuri kila siku, na mimi naitika, ila siogopi kwa ajili yake. Nakisoma kama mawaidha na kama mawaidha ni kikubwa.

Kezilahabi ni mwingine kabisa. Rosa Mistika ya 1971 kilizuiwa mashuleni kisa kinasema ukweli kuhusu wasichana, alafu miaka ikapita kikaja kuwa cha kufundishia, kwaiyo hata hiyo dhati inategemea nani kakaa ofisini mwaka gani. Kingine chake, Nagona, nilikiacha mara mbili. Mara ya tatu nilikisoma kama anavyosikiliza mtu anayeota kwa sauti, sikumdai maelezo, nikafika mwisho, ni kitabu chembamba tu. Siwezi kuwaambia nilikielewa chote ila kuna picha zake hazijatoka.

Na Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, 1999. Jamani kile ni thrila! Denge anasakwa na polisi wa mkoloni, kuna kujificha, kuna makaratasi ya siri, kuna mapenzi na Yasmin ambaye aliozwa mzee akiwa binti mdogo, kurasa zinafunguka zenyewe. Toa jina la mwandishi weka jalada lenye bastola na kitauzwa stendi siku hiyo hiyo. Said Ahmed Mohamed naye kwenye Babu Alipofufuka ya 2001 kaleta mzimu wa babu unamfuata mjukuu wake K, mkubwa serikalini, kila alipo. Ni cha kutisha kile. Lugha yake nzito, niliisoma pole pole sana, lakini babu kuja kumuuliza mjukuu umefanya nini na nchi, hiyo ni ile ile ya mjomba na lipiko.

Cha mwisho nikae. Kitabu kilichonitisha kuliko vyote maishani mwangu hakina jini hata moja. Ni kile cha Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli 2021, kinaitwa Peponi, kilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kikatoka kwa Kiswahili 2022. Mtoto Yusuf ana miaka 12. Kuna mfanyabiashara anakujaga kwao, Aziz, ananukia vizuri, anampa hela kila akija, mtoto anamuona kama mtu wa ukoo na anamsubiri kwa hamu. Siku moja wazazi wanamwambia utasafiri nae. Anapelekwa dukani kwake pwani, na kijana aliyemkuta pale, Khalil, ndo anamfumbua macho kwamba yule sio ndugu yake, baba yake ana deni na yeye ndo rehani. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna damu. Nilikuwa nimekaa pale pale juu ya magunia, mtu wa lori ananiita karani karani, simsikii. Nilikuwa nawaza watoto tuliosoma nao Mtama ambao siku moja walikuja kuchukuliwa na shangazi wa Dar, wakavalishwa nguo mpya, wakapanda basi wanapunga mkono, na sisi tuliwaonea wivu.

Muda umeisha naona mwenyekiti ananiangalia. Kile cha Bwana Msa nilichonunua Dar nimekuja nacho, kiko pale mezani karibu na maji, kina kurasa zote nimezihesabu. Anayetaka aandike jina na namba ya simu kwenye daftari, mwezi mmoja, na kama kuna mwanafunzi hapa anakitaka na anaogopa kukutwa nacho aje aniambie, nitamuandikia barua ya kumpa mwalimu wake.